Mkoba wa Tombola

Nardu alifunga duka lake la kunyoa saa mbili usiku,
akavipa viti mgongo kwenye vioo.
"Leo," alisema, "mtu amtazame mwenzake."

Gozo ni kisiwa kidogo, siri haina pa kulala.
Uwanja wa kanisa ni mmoja, vilabu vya vyama viwili:
huku bendera nyekundu, kule buluu,
na katikati kisima kikavu
ambacho kila upande unaapa ndio uliokichimba.
Hapa mtoto hubatizwa mara mbili,
kwa maji, kisha kwa rangi ya babake.
Mimi ni mwekundu. Sikuulizwa.
Niliikuta rangi kama nilivyoikuta pua, katikati ya uso.

Tulikuwa kumi na mmoja.
Salvina, muuguzi wa zamu za usiku,
alikuja na mkoba wa tombola wa marehemu mamake,
akamwaga vibao vya namba mezani, akatugawia vikaratasi.
"Andika jambo moja unalotaka libadilike katika kutawaliwa kwetu.
Usitie jina. Jina likiingia, chama kinaingia nalo."

Kukawa kimya cha mtihani. Kalamu mbili kwa watu kumi na mmoja.

Kisha Etjen, aliyepiga kura yake ya kwanza juzi
na bado sauti yake haijaamua pa kutua,
akatia mkono mkobani, akasoma:

*Mbunge akiikataa amri ya chama chake, asitupwe kama ganda.*

*Karatasi ya kura iongezwe kisanduku: Hakuna anayefaa.
Kikishinda, warudi makwao wote, tuletewe sura nyingine.*

*Chama kisimiliki runinga. Mimi na dada yangu
tumetenganishwa na ukuta mmoja, na tunatazama nchi mbili.*

*Nusu ya Bunge ipatikane kwa kura ya bahati,
kama tunavyowapata wabeba sanamu siku ya sikukuu.
Hakuna mbebaji aliyewahi kuiangusha.*

("Mmoja aliiangusha," akasema Nardu. "Mwaka ule wa mvua."
"Alikuwa wenu," sauti ikajibu. Tukacheka, si wote.)

*Majina ya wanaovilipia vyama yabandikwe mlangoni mwa kanisa
kama matangazo ya ndoa. Mwenye pingamizi aseme.*

Hapo Wistin mwoka mikate akapiga meza, namba zikaruka.
"Hilo ndilo! Hilo limetoka kwetu, nalijua kwa harufu!"

Sasa nisikilizeni.
Miaka thelathini na mmoja nimebeba barua za mji huu.
Miandiko yenu naijua kuliko nyuso zenu:
nani huegemeza herufi, nani hubana wino,
nani huandika kama anayepanda ngazi.
Hilo la mlango wa kanisa liliandikwa na Ġuża,
buluu hadi kwenye mifupa,
asiyemsalimu Wistin tangu ugomvi wa mtaro.
Alikuwa amekaa kando yake, anakagua kucha zake.

Ulimi ulinitekenya. Niliung'ata.

Karatasi iliyofuata ilikuwa fupi:
*Kazi ya mwanangu isiwe deni.*
Herufi zilikandamizwa hadi zikatoboa upande wa pili.
Hakuna aliyepiga meza.
Mtoto wa Wistin huendesha lori la maji la serikali.
Wistin akaomba dirisha lifunguliwe.

Ya mwisho ilisema: *Kisima kisafishwe kwanza.*
"Huyu hakuelewa swali," akasema Etjen,
na kicheko kikazunguka chumba kizima, rangi zote.
Nikacheka nao. Ilikuwa yangu.

Hatukuamua kitu. Tukapanga kukutana tena Alhamisi.
Salvina alirudisha vibao mkobani, akahesabu mara mbili:
sabini na tatu haikuwepo.

Nardu aliipata asubuhi akifagia,
imejificha ndani ya nywele za wiki nzima,
nyeupe, nyeusi, za kahawia,
ambazo yeye peke yake angeweza kusema
zipi ni za nani.
Hakusema.